Kupima Mabadiliko ya Dini Ujerumani Baada ya Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa kila inaposemwa kwamba "Wazungu wameacha dini". Mfano uliochaguliwa ni Ujerumani tangu 1945. Jibu likiwa limekwisha kutolewa mahali pengine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Usekulari ni nini hasa?

Neno hili hubebeshwa mizigo mitatu. Wa kwanza ni taasisi za dini kupoteza mamlaka yake juu ya sheria, shule, ndoa na siasa. Wa pili ni watu kupunguza matendo ya dini, kama vile kwenda ibadani, kubatiza watoto, kufunga ndoa kanisani na kusali kabla ya kula. Wa tatu ni imani yenyewe kufifia moyoni.

Mambo haya matatu hayaendi kwa mwendo mmoja. Nchini Ujerumani makanisa mawili makubwa, la Kikatoliki na la Kiinjili (yaani la Waprotestanti), yanaendesha hospitali, shule za chekechea na nyumba za wazee kupitia mashirika ya Caritas na Diakonie, ambayo kwa pamoja yameajiri watu zaidi ya milioni moja, huku ibada za Jumapili zikiwa na watu wachache mno. Ukipima kwa ajira, kanisa ni jitu; ukipima kwa viti vya ibada, ni kijumba. Anayeuliza kama Ujerumani imekuwa nchi ya kisekulari anapaswa kwanza aseme anauliza juu ya mzigo upi kati ya hiyo mitatu.

2. Kwa nini Ujerumani, na si nchi nyingine ya Ulaya?

Kwanza, Ujerumani ina rejista. Uanachama wa kanisa huandikwa na serikali kwa sababu za kodi (tazama swali la 4), kwa hiyo idadi zake hazitegemei makadirio ya maaskofu. Pili, nchi hiyo iligawanywa kuwa mbili kwa takriban miaka 40, kuanzia 1949 hadi 1990, na sehemu zote mbili zilikuwa zimetoka katika historia moja ya dini. Mtafiti wa mambo ya jamii hapati maabara, lakini mgawanyiko huo ni jambo la karibu zaidi na jaribio la maabara ambalo historia imetupatia.

3. Je, ni kweli kwamba vita viliwarudisha watu kanisani?

Kwa muda, ndiyo, ila "kurudi" huko kunahitaji kuangaliwa kwa makini.

Katika sensa ya Mei 1939, ambayo ilijumuisha pia Austria, takriban asilimia 94 ya watu waliandikwa katika makanisa mawili makubwa. Asilimia 3.5 hivi waliandikwa chini ya neno *gottgläubig*, yaani mtu anayemwamini Mungu lakini hana kanisa. Kundi hilo lilibuniwa na utawala wa Wanazi mwaka 1936 kwa ajili ya watu waliotoka kanisani bila kutaka kuitwa wakanamungu. Vita vilipokwisha kundi hilo likayeyuka, na wengi wao wakaomba kupokelewa tena kanisani.

Je, walikuwa wameongoka? Baadhi yao bila shaka. Lakini ikumbukwe kwamba wakati huo watu wazima wengi walichunguzwa kuhusu uhusiano wao na chama cha Wanazi, na barua ya mchungaji au padri iliyoshuhudia tabia njema ilikuwa na uzito mbele ya kamati za uchunguzi. Wananchi waliziita barua hizo *Persilschein*, cheti cha Persil, kwa jina la sabuni ya kufulia. Idadi ya waliorudi kanisani mwaka 1946 inapima imani na haja ya kufuliwa kwa wakati mmoja, na hakuna hesabu inayoweza kuvitenganisha.

Kuna mtego mwingine. Takriban Wajerumani milioni 12 walikimbia au walifukuzwa kutoka nchi za mashariki mwa Ulaya na kuja kuishi katika Ujerumani iliyosalia. Wakatoliki walipangiwa makazi katika vijiji ambavyo kwa karne nne vilikuwa vya Waprotestanti, na Waprotestanti katika vijiji vya Wakatoliki. Ukisoma takwimu za kijiji kimoja tu utaona Wakatoliki wameongezeka ghafla, na usipojua habari za wakimbizi hao utadhani palikuwa na uamsho, kumbe hakuna hata mtu mmoja aliyebadili dhehebu.

## Uanachama na rejista

4. Takwimu za waumini zinatoka wapi?

Zinatoka katika kodi ya kanisa. Mwajiri huikata pamoja na kodi ya mapato, mamlaka ya kodi huipokea na kuipeleka kanisani. Kiwango chake ni asilimia 8 ya kodi ya mapato katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 katika majimbo mengine yote. Izingatiwe kwamba ni asilimia ya kodi, wala si ya mshahara. Mfanyakazi wa Berlin anayekatwa euro 500 za kodi ya mapato kwa mwezi ataona chini yake mstari mwingine wa euro 45. Kwenye hati yake ya mshahara kuna kisanduku kidogo chenye herufi mbili: *rk* kwa Mkatoliki, *ev* kwa Mprotestanti, na vistari viwili kwa asiye na kanisa linalotozwa.

Msharika wa Kanisa la Kilutheri la Tanzania (KKKT) aliyezoea bahasha ya ahadi, ambayo anaweza kuiacha mfukoni mwezi ukiwa mgumu, huona utaratibu huu kuwa wa ajabu. Kwa mtakwimu ni neema, kwa kuwa kosa katika rejista ni kosa katika mshahara wa mtu, na mwenye mshahara hatakaa kimya.

Hata hivyo, rejista inahesabu nini? Inamhesabu kila aliyebatizwa ambaye hajafa na hajatoka rasmi. Mtoto wa miezi mitatu yumo. Mzee ambaye hajakanyaga kanisani tangu siku ya harusi yake yumo pia. Mwishoni mwa 2023 Wakatoliki walikuwa milioni 20.3 na Waprotestanti wa Kanisa la Kiinjili milioni 18.6, katika nchi yenye watu takriban milioni 84. Mwaka 1950, katika Ujerumani Magharibi, makanisa hayo mawili yalikuwa na zaidi ya watu 9 kati ya 10.

5. Mtu anatokaje kanisani?

Kwa miguu yake, na kwa karatasi. Katika majimbo kadhaa, kama Nordrhein-Westfalen, huenda kwenye mahakama ya mwanzo. Katika mengine, kama Bavaria, kwa msajili wa vizazi, ndoa na vifo. Anaonyesha kitambulisho, anatamka kwamba anatoka, anatia sahihi mbele ya karani na, katika majimbo mengi, analipa ada. Nordrhein-Westfalen na Berlin ni euro 30. Hakuna anayemuuliza sababu, wala hakuna mchungaji chumbani. Anapewa cheti, na anashauriwa akitunze, maana huenda miaka mingi baadaye ofisi ya kodi ikamtaka athibitishe kwamba alitoka.

Ukimya huo wa karani una maana kubwa kwa kipimo chetu. Tunajua siku, umri na mahali, lakini sababu haimo kwenye fomu. Kila maelezo ya "kwa nini wanatoka" yametoka katika tafiti za maoni, na wala hayakuandikwa kwenye rejista yenyewe.

6. Basi wanatoka kwa sababu ya kodi tu?

Kodi inaeleza *lini*. Haielezi *kwa nini*. Upande wa Waprotestanti wa Magharibi, waliotoka katikati ya miaka ya 1960 walikuwa takriban 40,000 kwa mwaka. Kufikia 1970 walizidi 200,000. Kilele kingine kilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipoweka nyongeza ya kodi kwa ajili ya gharama za muungano wa Ujerumani mbili. Kingine kilitokea 2014, benki zilipotangaza utaratibu mpya wa kukata kodi ya kanisa moja kwa moja kwenye riba, ingawa kodi yenyewe haikuwa mpya. Upande wa Wakatoliki, kilele cha vilele vyote ni 2022, walipotoka watu 522,821. Januari ya mwaka huo ilikuwa imetolewa ripoti kuhusu unyanyasaji wa kingono wa watoto katika Jimbo Kuu la München na Freising.

Ukiziangalia tarehe hizo utaona kwamba tukio linafungua mlango kwa mtu ambaye tayari alikuwa amesimama karibu nao. Vijana wengi hutoka katika miaka yao ya kwanza ya kazi, wanapoona makato kwenye hati ya mshahara kwa mara ya kwanza. Lakini kijana aliyekulia katika nyumba inayosali huyaona makato hayohayo na hatoki.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba kutoka ni sehemu tu ya upungufu. Mwaka 2023 Kanisa la Kiinjili lilipoteza watu wapatao 380,000 waliotoka na wengine 340,000 waliofariki, likapata ubatizo wapatao 140,000. Hata kama asingetoka mtu yeyote, idadi ingepungua kwa karibu 200,000. Magazeti huandika habari za mlango wa mbele. Makaburi hayana kichwa cha habari.

7. Sensa je, haitoshi?

Inasaidia, lakini kila sensa ina swali lake. Sensa za Ujerumani Magharibi za 1950, 1961, 1970 na 1987 ziliuliza dini. Ile ya 2011 ilikuwa na swali la hiari kuhusu imani. Sensa ya 2022 haikuuliza imani kabisa. Ilichukua tu kilichomo kwenye rejista, na kila asiye Mkatoliki wala Mprotestanti aliyesajiliwa akawekwa kapu moja. Kapu hilo, ambalo lina zaidi kidogo ya nusu ya watu wote, lina mkanamungu wa Leipzig, bibi Mwislamu wa Köln anayeswali swala tano, na Mpentekoste wa Hamburg asiyekosa mkesha. Anayeandika kwamba "nusu ya Wajerumani hawana dini" akitegemea sensa hiyo amesoma jedwali bila kusoma kichwa chake.

## Mahudhurio

8. Wanaohudhuria misa wanahesabiwaje?

Kanisa Katoliki la Ujerumani huhesabu vichwa Jumapili mbili kwa mwaka, moja wakati wa Kwaresima na nyingine mwezi Novemba. Kazi yenyewe ni ya mikono: mhudumu anapita pembeni mwa viti na karatasi, benchi kwa benchi, anaongeza walio kwenye kwaya na aliyesimama nyuma na mtoto mgongoni. Mgeni wa siku moja anahesabiwa. Aliyehudhuria Jumamosi jioni na tena Jumapili anahesabiwa mara mbili. Jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya Wakatoliki walioandikishwa.

Kasoro hizo ni ndogo, na kwa kuwa zinajirudia kila mwaka, mwelekeo hauharibiki. Mwaka 1950 sehemu hiyo ilikuwa takriban asilimia 50. Mwaka 1990 asilimia 22 hivi. Mwaka 2019, kabla ya korona, asilimia 9.1. Ilishuka hadi 5.7 mwaka 2022, ikapanda kidogo kuwa 6.2 mwaka 2023. Kupanda huko kusiitwe uamsho: ni watu waliokuwa wamekaa nyumbani wakati wa janga, na bado hawajafikia idadi ya 2019.

Angalia pia kigawanyo. Wasiohudhuria wakitoka kanisani rasmi, asilimia ya wanaohudhuria inaweza kupanda ilhali vichwa kwenye viti ni vilevile. Ndiyo maana mtafiti mzuri huweka mezani idadi kamili pamoja na asilimia.

9. Si rahisi zaidi kuwauliza watu wenyewe kama wanakwenda?

Ni rahisi, na majibu huzidi ukweli. Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani: kwa miongo mingi takriban asilimia 40 ya Wamarekani walisema walikwenda ibadani wiki iliyopita, lakini watafiti walipohesabu vichwa katika wilaya moja ya Ohio na kuchapisha matokeo mwaka 1993, walikuta wanaokwenda ni kama nusu ya wanaosema. Si lazima watu wawe wanadanganya. Anayeulizwa "ulikwenda Jumapili iliyopita?" mara nyingi husikia "je, wewe ni mtu wa kanisani?", akajibu swali hilo la pili.

Kuna upande wa pili wa sarafu: heshima ya kwenda kanisani ikipungua, chumvi nayo hupungua. Baadhi ya mshuko unaoonekana katika tafiti za maoni ni mshuko wa chumvi hiyo, na mahudhurio yenyewe huenda hayajashuka kwa kiwango kilekile.

10. Na Krismasi inahesabiwaje?

Waprotestanti huhesabu siku kadhaa zilizochaguliwa, zikiwemo Ijumaa Kuu na mkesha wa Krismasi. Katika miaka ya kabla ya korona, Jumapili ya kawaida waliohudhuria walikuwa asilimia 3 au 4 ya washarika. Mkesha wa Krismasi walikuwa takriban watu milioni 8. Ni jengo lilelile na mchungaji yuleyule. Ukipima kwa Desemba 24, Ujerumani ni nchi ya Kikristo. Subiri hadi Jumapili ya pili ya Januari upime tena.

## Imani na vizazi

11. Imani ya moyoni inaweza kupimwa?

Inaweza kuulizwa, na namna ya kuuliza huamua nusu ya jibu. Taasisi ya Allensbach, iliyoanzishwa mwaka 1947 karibu na Ziwa Konstanz, imeuliza Wajerumani kuhusu dini kwa vizazi vitatu. Tangu 1980 kuna pia utafiti mkubwa wa jamii uitwao ALLBUS. Thamani ya tafiti hizo iko katika kurudia swali lilelile kwa maneno yaleyale. Neno moja likibadilishwa, mfululizo umekatika.

Utafiti ambao Kanisa la Kiinjili hufanya kila baada ya miaka kumi hivi tangu 1972 ulitolewa tena Novemba 2023, mara hii Wakatoliki nao wakishiriki. Waliosema wanamwamini Mungu aliyejidhihirisha katika Yesu Kristo walikuwa asilimia 19. Asilimia 29 nyingine walisema wanaamini kuna nguvu au kiumbe cha juu. Ukiuliza swali la jumla, makundi hayo mawili yanakuwa moja na unapata karibu nusu ya nchi. Ukiuliza kwa lugha ya katekisimu, unapata mtu mmoja kati ya watano. Majibu yote mawili ni ya kweli.

Utafiti huo ulipanga watu katika makundi manne, na asilimia 56 wakaitwa wa kisekulari. Wakosoaji walisema maswali yalielemea matendo ya kanisani, hivyo yakawapunja wenye dini ya namna nyingine. Nadhani wana hoja, ila hoja hiyo ina mwisho wake: kila anayedai kwamba dini imehamia mahali pengine anapaswa kuonyesha mahali hapo na kupahesabu. Matembezi ya msituni yakiitwa ibada, basi hakuna jamii itakayopungukiwa dini kamwe.

12. Vijana si watarudi wakizeeka?

Hili ni swali la kupambanua umri na kizazi. Ukiona leo wazee wanasali na vijana hawasali, huwezi kujua kwa picha hiyo moja kama mtu huongeza sala anapozeeka, au kama wazee hao walikuwa wanasali tangu ujana wao. Unahitaji kuwafuata waliozaliwa, tuseme, 1950, katika utafiti wa 1980, wa 2000 na wa 2020.

Ukifanya hivyo kwa Ujerumani Magharibi, unakuta kila kizazi hubaki karibu na pale kilipokuwa kikiwa na miaka 20 na kitu, na kila kizazi kipya huanza chini ya kilichotangulia. Mabadiliko makubwa hutokea mtoto anapolelewa, mara chache sana mtu mzima anapobadili mawazo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ni tofauti: katika miaka hiyo michache hata watu wazima wengi waliacha kwenda misa kila Jumapili.

## Ujerumani Mashariki

13. Je, serikali ya kikomunisti ndiyo iliyoua dini Mashariki?

Iliipiga pigo kubwa. Mwaka 1950 takriban watu 9 kati ya 10 wa Ujerumani Mashariki walikuwa wanachama wa makanisa mawili makubwa, wengi wao Waprotestanti. Katika sensa ya 1964 karibu theluthi moja walisema hawana dini. Kufikia 1990 wasio na kanisa walikuwa takriban asilimia 70.

Silaha kuu ilikuwa sherehe. Kuanzia 1955 serikali ilisimamia *Jugendweihe*, sherehe ya kuwaingiza vijana wa miaka 14 utu uzima, katika umri uleule wa kipaimara. Makanisa yalisema mwanzoni kwamba kijana achague moja. Wazazi wakapima: kijana asiyefanya sherehe ya serikali aliweza kukosa nafasi ya sekondari ya juu na chuo kikuu. Mwaka 1955 walioshiriki walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Mwaka 1959 walikuwa kama wanne kati ya watano. Ndani ya miaka minne tu.

Ushahidi kwamba serikali haielezi yote ni haya yaliyofuata. Serikali hiyo ilianguka 1990, vikwazo vikaondoka, na dini haikurudi. *Jugendweihe* yenyewe inaendelea hadi leo, sasa ikiwa sherehe ya familia yenye suti, maua na picha. Katika utafiti wa kimataifa wa 2008 zaidi ya nusu ya watu wa Mashariki walisema hawaamini kuwa kuna Mungu, na miongoni mwa vijana kiwango kilikuwa cha juu zaidi. Mnyororo wa malezi ulioelezwa katika swali la 12 ukikatika kwa vizazi viwili, hakuna bibi wa kumfundisha mjukuu sala.

14. Takwimu za Mashariki zinaaminika?

Kwa tahadhari. Baada ya 1964 sensa za huko hazikuuliza dini tena. Na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 serikali iliacha kusaidia kukusanya kodi ya kanisa, kwa hiyo aliyechoka na kanisa hakuwa na haja ya kwenda kwa karani. Aliacha tu kulipa. Vitabu vya sharika vikabaki na majina ya watu waliokwisha kuondoka mioyoni mwao. Baada ya muungano utaratibu wa kodi wa Magharibi ulipoanza Mashariki, wengi walitoka rasmi. Sehemu ya kilele cha miaka ya 1990 ni usafishaji wa daftari: watu walitoka kwenye karatasi mahali walipokuwa wameshatoka miaka 20 iliyopita.

15. Mbona makanisa yalijaa mwaka 1989?

Yalijaa kweli. Sala za amani za Jumatatu katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, Leipzig, zilifurika, na Oktoba 9, 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini humo. Kanisa lilikuwa paa pekee ambalo mtu angeweza kusema chini yake. Paa nyingine zilipopatikana, watu walikwenda huko. Aliyehesabu vichwa usiku ule bila kuhesabu tena baada ya miaka mitano angeandika historia ya uamsho ambao haukutokea.

## Mambo ya pembeni

16. Waislamu wanahesabiwaje, ilhali msikiti hauna rejista?

Kwa makadirio. Wengi walianza kuja kama vibarua baada ya mkataba wa ajira kati ya Ujerumani Magharibi na Uturuki wa Oktoba 1961. Kwa miaka mingi hesabu ilikuwa ya uraia: aliyetoka Uturuki aliandikwa Mwislamu. Utafiti uliotolewa 2021 na mamlaka ya uhamiaji ulikadiria Waislamu kuwa kati ya milioni 5.3 na 5.6, kwa kuwauliza watu waliochaguliwa kutoka nchi wanakotoka Waislamu wengi. Tatizo lililobaki ni kulinganisha: Mkristo huhesabiwa kwa daftari, Mwislamu kwa kauli yake au asili ya wazazi wake. Mwajemi aliyeikimbia nchi yake kwa kuchoshwa na utawala wa dini anaweza kuhesabiwa mwenye dini kuliko Mjerumani asiyesali.

17. Mtanzania anayehamia Ujerumani anaingia kwenye takwimu hizi?

Ndiyo, siku anapojiandikisha makazi. Fomu ina sehemu ya dini, na anayejitaja Mkatoliki au Mlutheri huanza kukatwa kodi ya kanisa akipata ajira. Akiacha wazi sehemu hiyo, huenda rejista isimwone kabisa, hata kama kila Jumapili yuko kwenye kutaniko la Waafrika linalokodi ukumbi wa usharika mchana, Wajerumani wakishaondoka. Makutaniko mengi ya namna hiyo hayamo katika idadi yoyote iliyotajwa hapo juu.

18. Je, vita ndivyo vilivyosababisha usekulari?

Kwa vita peke yake ni vigumu kueleza. Uswidi haikupigana, nayo ni miongoni mwa jamii za kisekulari zaidi. Poland ilipoteza takriban raia milioni 6, na hata miaka ya 1980 karibu nusu ya Wakatoliki wake walikuwa misani kila Jumapili. Na dini katika Ujerumani Magharibi yenyewe haikuporomoka mwaka 1946, njaa ilipokuwa kali. Iliporomoka mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wa shibe.

19. Vipimo hivi vinafaa Rwanda baada ya 1994?

Baadhi. Rwanda haina kodi ya kanisa, kwa hiyo sensa ndiyo nguzo. Sensa ya 2012 ilionyesha Wakatoliki takriban asilimia 44, Waprotestanti 38, Waadventista 12 na Waislamu 2. Kabla ya mauaji ya kimbari Wakatoliki walikuwa zaidi ya nusu. Kilichobadilika ni kanisa la mtu. Kutokuwa na dini kumebaki kudogo. Kipimo cha kutoka peke yake kingesema kuna usekulari pasipo na usekulari. Rwanda pia inafundisha kutoamini habari bila hesabu: baada ya 1994 iliandikwa mara nyingi ughaibuni kwamba Uislamu ulikuwa ukienea kwa kasi kubwa, lakini sensa haikuonyesha hivyo.

20. Mbona Tanzania haina takwimu kama hizi?

Kwa sababu sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967. Kenya huuliza, na sensa yake ya 2019 ilitoa Wakristo asilimia 85.5 na Waislamu 10.9. Asilimia za Tanzania zinazozunguka mitandaoni, hasa zile zinazodai kujua hadi desimali, zimetoka katika tafiti za sampuli au katika hesabu za taasisi zenyewe za dini, ambazo kila moja hujumlisha kwa namna yake. Anayetaka kuzitumia aulize mambo mawili kabla ya kunukuu: nani aliulizwa, na kwa maneno gani. Akikosa majibu, aandike "wengi" au "wachache" na aiache asilimia.